Kwa nini sketi niliyoshona kwa pazia la mtumba inajizungusha mwilini?

#1 · Mshonaji wa Tororo

Salaam. Mwezi wa pili nilinunua jozi ya mapazia katika soko la Owino, Kampala, kwa shilingi 25,000. Kitambaa ni kizito kiasi, rangi yake ni ya maziwa, na kina majani ya kijani yaliyopangwa safu kwa safu. Nilichomoa uzi mmoja nikauchoma kwa kiberiti. Ulinuka karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu, bila kudonda wala kuganda, kwa hiyo nikaamini kwamba ni pamba, au pamba kwa sehemu kubwa. Kwa pazia la kwanza nilimkatia wifi yangu sketi ya vipande sita inayofika kwenye vifundo vya miguu. Kwa la pili nilishona foronya nne za mito ya kochi na kitambaa cha meza.

Siku ya kwanza sketi ilimkaa vizuri mno. Sasa imefuliwa mara tatu, na mshono wa ubavuni uliopaswa kushuka wima umeacha timazi: kiunoni uko mahali pake, kwenye paja umeanza kusogea, na ukifika gotini uko mbele kabisa, kana kwamba mtu ameishika sketi kwa chini akaizungusha kuelekea kulia. Foronya zimefuliwa mara hizo hizo na hazijapinda hata kidogo. Naomba kujua sababu kabla sijaifumua, kwa maana nikiifumua bila kujua kosa nitalishona upya.

#2 · FundiBusia

Swali limeandikwa kwa utaratibu, na jibu langu ni fupi: dada, ulikata nje ya mtande. Nyuzi za mtande, yaani zile ndefu ambazo mfumaji huzitandaza kwanza, ndizo zinazopaswa kushuka katikati ya kila kipande cha sketi. Ukizikosea kwa upana wa vidole viwili tu, kitambaa kitakutii siku ya kukipiga pasi na kukuasi siku ya kukifua. Mapazia ya mtumba yana mtego wake. Ukingo unaouona ubavuni mara nyingi si ukingo wa kiwandani, bali ni pindo alilolishona fundi wa huko lilikotoka, naye alipunguza upana ili pazia lienee dirisha lake, wala hakuna anayejua kama mkasi wake ulikwenda sawa. Chomoa uzi mmoja wa mshindio, yaani ule unaokatiza mtande, kutoka upande hadi upande, ufuate mfereji utakaobaki, ndipo utakapojua nyuzi zinakwenda wapi. Je, ulifanya hivyo, au ulifuata safu za majani?

#3 · Mshonaji wa Tororo

Fundi, nakiri kwamba nilifuata safu za majani.

#4 · FundiBusia

Basi uzi huu ungeweza kufungwa hapa.

#5 · KafaUlaya

Usifungwe bado, mzee. Mimi nauza mapazia na mashuka hapo hapo Owino, na nimefungua marobota ya kutosha kujua kwamba pazia si kitambaa cha kuvaa. Kitambaa cha nguo kwa kawaida kimekwisha kusinyazwa kiwandani kabla hakijafika kwa mkataji. Njia maarufu ya kufanya hivyo ilipewa hataza mwaka 1930 na Mmarekani aliyeitwa Sanford Cluett, na mpaka leo jina lake limebaki katika jina la kazi hiyo. Pazia mara nyingi halipitii huko, kwa kuwa mtengenezaji anategemea kwamba litapelekwa kwa dobi wa mashine kavu mara moja kwa mwaka, au lisipelekwe kabisa. Wewe ukilitumbukiza katika beseni, nyuzi zinarudi kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na si lazima zirudi kwa kipimo kimoja kila upande. Lebo yake ilisema nini?

#6 · Mshonaji wa Tororo

Lebo ilikuwa imekatwa kabla sijalinunua. Kilichobaki ni kisiki cha utepe mweupe chenye urefu wa ukucha.

#7 · Mwalimu wa Sindano (Jinja)

Naomba tusikimbilie kitambaa na kulisahau cherehani. Katika mashine nyingi za majumbani, zikiwemo hizi za kukanyaga kwa miguu, kitambaa cha chini husukumwa na meno, ilhali cha juu huburuzwa na kukawizwa na mguu wa cherehani. Kwenye mshono mfupi hutaona tofauti. Kwenye mshono wa mita moja, kipande cha juu kinaweza kuchelewa kwa nusu sentimita au zaidi, na mshonaji bila kufikiri hukivuta kidogo ili ncha zilingane mwishoni. Sasa chukua vipande sita: mshonaji ameweka cha kwanza chini na cha pili juu, akashona, kisha akaweka cha tatu juu ya cha pili, cha nne juu ya cha tatu, akaendelea vivyo hivyo mpaka mwisho. Kila mshono umevutwa kuelekea upande ule ule, na sketi nzima imesokotwa kama kamba. Pasi huificha hali hiyo, maji huifichua. Foronya haikuonyesha kitu kwa sababu mshono wake hauzidi nusu mita na mto wenyewe umeijaza ndani.

Dada, ulipiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda kwa mkono, kabla ya kushona, au ulitumia pini mbili tatu ukaendelea?

#8 · Mshonaji wa Tororo

Mwalimu, nilitumia pini. Hata hivyo kuna jambo ambalo sikulieleza mwanzoni. Upana wa pazia haukutosha kwa vipande vilivyotanuka pande zote mbili, kwa hiyo kila kipande nilikikata upande mmoja ukiwa umenyooka na upande wa pili ukiwa hanamu, yaani umekatwa mshazari, nikavipanga kichwa kwa miguu ili nisipoteze kitambaa. Vilipounganishwa, kila mshono ulipata upande mmoja ulionyooka na mmoja wa hanamu.

#9 · Mama Marinda (Arua)

Hapo ndipo penye jibu, na Fundi na Mwalimu wote wawili wamelipita. Upande wa hanamu huvutika na kulegea kwa uzito wake, na ule ulionyooka haulegei. Ukiwa na mishono sita ambayo kila mmoja una upande legevu kulia na upande mgumu kushoto, nguo itazunguka tu. Ndiyo maana sisi tuliofundishwa na watawa tulikatazwa kukata namna hiyo, na tulipouliza sababu tulipigwa rula ya vidole.

Naongeza pia kwamba huenda ulitumia uzi wa poliesta, na uzi huo ulisinyaa ukavuta mshono.

#10 · Mwalimu wa Sindano (Jinja)

Mama, la hanamu nalikubali kwa nusu, ila la uzi naomba nilisahihishe. Uzi wa poliesta hausinyai kwa maji ya beseni. Unaorudi ni uzi wa pamba, na ukiutumia kwenye kitambaa cha poliesta ndipo mshono hukunjamana. Poliesta ina hila nyingine. Ukiujaza kwenye bobini kwa kasi kubwa unavutika, kisha baada ya kushonwa unarudi katika urefu wake wa awali na kuacha mikunjo midogo kando ya mshono. Lakini hayo yote hukunja mshono. Hayauhamishi kutoka ubavuni hadi gotini.

#11 · Mama Marinda (Arua)

Nimekubali kuhusu uzi. Rula ya vidole siirudishi.

#12 · Mshonaji wa Tororo

Kuhusu mkato wa upande mmoja, kuna kitu kinanitatiza. Mwaka jana nilishona sketi kwa kitenge kipya kwa mkato huo huo, kwa pini hizo hizo na kwa cherehani hilo hilo, na haijazunguka mpaka leo.

#13 · Kiraka (Mbale)

Habari zenu. Mimi hushona mikoba na makoti kutokana na jinzi kuukuu, na nimewahi kukutana na jambo la namna hii bila kushona lolote. Kuna jinzi ambazo mguu mmoja hujisokota wenyewe baada ya kufuliwa, mshono wa nje ukaja mbele ya kiatu. Fundi mmoja aliyenifundisha alinionyesha kwamba kitambaa cha jinzi kina mistari ya mshazari katika ufumaji wake, na mistari hiyo hukivuta kitambaa upande mmoja kila kinapolowa. Viwanda vinavyojali hukipindisha kitambaa kwa makusudi upande wa pili kabla ya kukikata, ili kisipinde zaidi kwa mvaaji. Fulana za bei ndogo nazo hujizungusha, ila kwa sababu nyingine: uzi wake umesokotwa sana, na ukilowa unataka kujifungua.

Kwa hiyo ningeomba dada aliangalie pazia lake kwa karibu. Je, nyuzi zinapishana moja juu moja chini kama kikapu, au kuna mistari midogo ya mshazari upande wa nyuma?

#14 · Mshonaji wa Tororo

Nimetoka nje na kulitazama juani. Upande wa nyuma kuna mistari ya mshazari, midogo mno, inayopanda kutoka kushoto kwenda kulia. Kitenge changu hakina.

#15 · FundiBusia

Mistari ya mshazari ni moja, kukata nje ya mtande ni mbili, na la pili ndilo baba wa la kwanza. Nimeshona suruali za drili tangu enzi za kiwanda cha vitambaa cha Nyanza pale Jinja, kitambaa chenye mshazari mtupu, na hakuna askari wala mwanafunzi aliyenirudia na suruali iliyosokotwa mguuni.

#16 · Mwalimu wa Sindano (Jinja)

Mzee, drili ya Nyanza ilikuwa imemaliziwa kiwandani kwa ajili ya kuvaliwa, na huo ndio ushahidi wa KafaUlaya katika chapisho la 5, si wako. Marehemu baba yangu alifanya kazi pale, na nyumbani kwetu bado kuna shuka moja la wakati ule ambalo limegeuzwa katikati mara mbili: likichakaa hapo watu wanapolala, mama alilipasua kwa urefu, akaunganisha kingo mbili za pembeni zikawa katikati, na kingo zilizochakaa akazikunja kuwa pindo. Watu huona kugeuza nguo kuukuu kuwa kitu kipya ni ufundi wa vijana wa Kampala, ilhali mama zetu walifanya hivyo bila kuupa jina.

#17 · Afande Mstaafu (Bombo)

Nimefuata mjadala huu kwa makini, na nashangaa kwamba hakuna aliyeuliza nguo ilifuliwaje. Anayefua kwa mkono hukamua, na anayekamua husokota upande mmoja maisha yake yote. Sketi ndefu ikikamuliwa mara tatu kuelekea kulia, kisha ikaanikwa kwenye waya bila kukung'utwa, itabaki na alama ya mkono ulioikamua. Jeshini tulifundishwa kukandamiza maji, si kusokota.

La pili, tangu mitumba ipigwe marufuku nchini mwaka 2023, mnanunua wapi mapazia haya?

#18 · KafaUlaya

Afande, lile lilikuwa tamko, halikuwa sheria. Rais alilitoa mwezi wa nane mwaka 2023 huko Mbale, katika eneo la viwanda, akasema kwamba nguo hizi ni za watu waliokufa. Sisi wa Owino siku hiyo tulikosa usingizi, lakini asubuhi tulifungua vibanda vyetu, na mpaka leo tunafungua. Wanaoikumbuka Rwanda wanachanganya mambo: wao walipandisha ushuru mwaka 2016 kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikawaondolea nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Mwaka huo huo wa 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikuwa zimekubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019, na matokeo yake mnayaona sokoni.

Na kwa kuwa kuna mtu aliniuliza faraghani: jina langu nimelichukua kwa majirani zetu wa Tanzania, ambao zamani waliita nguo hizi kafa Ulaya. Sisi huku tunasema mivumba, na mteja hajali aliyekufa ni nani ilimradi zipu inafunga.

#19 · Mshonaji wa Tororo

Afande, nimeuliza. Anayemfulia wifi ni binti anayetumia mkono wa kushoto. Sketi imezunguka kuelekea kulia kwa mvaaji. Sijui kama hilo linakusaidia au linakuangusha.

#20 · Afande Mstaafu (Bombo)

Inategemea kama aliigeuza ndani nje kabla ya kuifua.

#21 · Mshonaji wa Tororo

Hakumbuki.

#22 · Binti Lubugo (Masaka)

Nimecheka mpaka nimeacha kazi. Naomba nitoe mchango upande wa foronya, kwa maana zimesahaulika, nazo ndizo zilizofaulu. Mimi hutengeneza mito ambayo uso wake ni lubugo, gome la mti wa mutuba, na mgongo wake ni shati la kiume la mtumba. Sehemu ya mbele ya shati, pamoja na vifungo vyake na vitundu vyake, huikata mraba ikawa mgongo wa foronya, hivyo sihitaji zipu wala sihitaji kushona kitundu hata kimoja. Ukitaka kutoa mto unafungua vifungo kama unavyomvua mtoto shati. Lubugo hatulitumbukizi majini, kwa hiyo uso huo nimeutengeneza uweze kufumuliwa kwa uzi mmoja wa mkono, na shati peke yake ndilo linalofuliwa. Kazi ya lubugo imetambuliwa na UNESCO tangu mwaka 2005, lakini wateja wangu wengi huuliza kwanza kama shati ni la nani.

Ninachotaka kusema ni kwamba mraba hauna pa kuzungukia. Pembe zake nne zimefungwa, na pamba iliyo ndani inaukaza. Foronya inaweza kuwa imepinda nawe usijue. Itoe mto, uitandaze mezani, uipime kona kwa kona.

#23 · Mshonaji wa Tororo

Nimezipima. Zimenyooka.

#24 · Kiraka (Mbale)

Binti Lubugo, wazo la vifungo nitaliiba, na nakutaarifu mapema. Tukiwa hapo, kuna wabunifu wa Kampala, Buzigahill wa Bobby Kolade, ambao hununua mitumba, huichana, huiunganisha upya, kisha huwauzia watu wa huko huko ilikotoka. Ningependa kujua kama nguo zao zikifuliwa Ulaya zinazunguka.

#25 · Mama Marinda (Arua)

Huko wana mashine za kufulia, na zenyewe zinazunguka.

#26 · Mshonaji wa Tororo

Wapendwa, nina habari mpya. Nilikuwa nimebakiza kipande cha chini cha pazia la sketi, lile pindo pana, nikalifumua ili nitafute uzi wa mshindio kama Fundi alivyoagiza. Ndani yake nimekuta vifuko vidogo vitatu vya kitambaa cheupe, vimeshonwa kwa mkono, na ndani ya kila kimoja kuna kidonge kizito cha kijivu, bapa kama kifungo kisicho na matundu. Nikikisugua kwenye karatasi kinaacha mstari kama wa penseli. Katika pindo la pazia la foronya hakuna kitu.

#27 · Mwalimu wa Sindano (Jinja)

Hizo ni risasi. Mafundi wa mapazia wa Ulaya huziweka pembeni na kwenye maungio ili pazia lisipeperuke na liangukie vizuri.

#28 · KafaUlaya

Afande, umeitwa.

#29 · Afande Mstaafu (Bombo)

Nilijua tu kwamba siku moja uzi wa ushonaji utafika kwenye risasi.

#30 · Mama Marinda (Arua)

Tucheke lakini tusisahau kwamba risasi ni sumu, hasa kwa watoto wanaotia kila kitu mdomoni. Dada, nawa mikono yako kwa sabuni, usiziyeyushe, usimpe mtoto azichezee, wala usizishonee kwenye kitambaa cha meza ya chakula hata kama upepo wa Tororo unakisumbua.

#31 · Mwalimu wa Sindano (Jinja)

Ushauri huo ni sahihi. Na sasa nalazimika kujipinga mwenyewe. Kama pazia moja lilikuwa na uzito pembeni na jingine halikuwa nao, basi mapazia haya hayakuishi maisha mamoja, hata kama yalitoka katika jora moja. Kitambaa cha pamba kilichoning'inia miaka kumi kikiwa kimefungwa risasi kwenye kona kimevutwa kwenda chini, tena zaidi upande wa kona kuliko katikati. Wewe ulikikata kikiwa kimevutika hivyo, ukadhani hiyo ndiyo hali yake. Kilipoingia majini kikakumbuka urefu wake.

#32 · FundiBusia

Mwalimu, unaongea kana kwamba kitambaa kina akili. Mapazia mangapi ya mtumba yameshonwa magauni katika nchi hii? Mangapi yamezunguka? Mchagua nazi hupata koroma, lakini kosa la mkasi tusilitwike nazi. Dada, kabla ya yote, hilo pindo ulilofumua: uzi wa mshindio ulikwenda wapi ukilinganisha na safu za majani?

#33 · Mshonaji wa Tororo

Safu ya majani inaanza sambamba na uzi, na baada ya mita moja imeupita kwa sentimita tatu. Majani yalichapwa yakiwa yamepinda.

#34 · FundiBusia

Narudia chapisho langu la 2.

#35 · Mdadisi wa Kasese

Samahani kwa kuingia nikiwa nimechelewa. Mimi si fundi. Kazi yangu ni kununua makoti mazito ya sufu ambayo wauzaji wa Kampala huyachukia kwa kuwa hayana mnunuzi kwa joto lile, na kuyapeleka Kabale, ambako watu wanayajua matumizi yake. Yanayobaki huyachemsha kwa makusudi mpaka sufu inashikana, kisha nakata zulia za kuweka kando ya kitanda. Katika kazi hiyo nimejifunza kutobishana kabla ya kupima. Kata miraba minne ya sentimita 20 kutoka katika mabaki, miwili kwa kila pazia, uichore kwa kalamu ya wino, uifue, uikaushe bila pasi, kisha upime pande na pembe kwa pembe. Kama kitambaa ndicho kinachopinda, mraba utapinda bila cherehani.

#36 · Mshonaji wa Tororo

Nimefanya kama Mdadisi alivyoeleza, na majibu ni haya. Pazia la foronya: miraba yote miwili imebaki karibu 19.6 kwa 19.8, na pembe kwa pembe ni 27.9 kila upande. Pazia la sketi, mraba uliotoka chini karibu na risasi: urefu umerudi mpaka 18.8, upana 19.7, na pembe kwa pembe ni 27.9 upande mmoja na 26.5 upande wa pili. Ukiuweka mezani unaonekana kwa macho kwamba umelala. Mraba uliotoka juu, karibu na kulikokuwa na ndoano: 19.1 kwa 19.7, na pembe zinatofautiana kwa milimita moja tu.

#37 · Mwalimu wa Sindano (Jinja)

Chini imepinda, juu haikupinda. Risasi.

#38 · KafaUlaya

Urefu umerudi zaidi ya sentimita moja katika ishirini kwa kufuliwa mara moja. Hakikusinyazwa kiwandani.

#39 · FundiBusia

Dada, miraba hiyo uliichora kwa kufuata uzi au kwa kufuata majani?

#40 · Mshonaji wa Tororo

Fundi, usinigombeze. Niliichora kwa kufuata majani.

#41 · FundiBusia

Mraba uliochorwa mshazari kwenye kitambaa kinachorudi urefu kuliko upana lazima ulale, risasi ziwepo zisiwepo. Na mraba wa juu haukulala kwa sababu haukurudi sana. Mtoto wa darasa la saba atakuchorea hesabu hiyo.

#42 · Mwalimu wa Sindano (Jinja)

Na kwa nini wa juu haukurudi sana, kama si kwamba haukuwa umevutwa? Naongeza kwamba miraba haina mshono, kwa hiyo hoja yangu ya meno katika chapisho la 7 haijaguswa na mtu. Imekaa kando ikisubiri.

#43 · Mama Marinda (Arua)

Ya hanamu pia imekaa kando. Imevaa vizuri kuliko yako.

#44 · Kiraka (Mbale)

Mimi nataka kujua jambo moja tu la jua. Nilipokata koti kutokana na pazia la hoteli, ukanda uliokuwa karibu na kioo ulipasuka begani kama karatasi wiki ya pili, ilhali sehemu nyingine ni imara mpaka sasa. Jua hula pamba polepole bila kuibadilisha rangi sana. Je, inawezekana upande mmoja wa pazia la dada umechoka kuliko mwingine, nao ndio uliolegea? Ushike kwa mikono miwili karibu na masikio na uvute kwa nguvu. Kilichochoka hulia kabla ya kupasuka.

#45 · Mshonaji wa Tororo

Nimevuta. Hakikulia. Au mimi ndiye nisiyesikia, kwa maana jirani anasaga mahindi.

Nimeamua hivi. Sketi nimekwisha kuifumua yote. Vipande vyote sita nimevifua tena, nimevikausha kivulini vikiwa vimelala, na kila kimoja nimekichomoa uzi katikati ili nione mtande. Vinne viko nje ya uzi, viwili viko sawa, na hivyo viwili vilivyo sawa navyo vimelala upande kidogo, kwa hiyo kila aliyechangia ana kipande cha kujisifia. Vitatosha sketi fupi ya kufika magotini ikiwa nitavikata upya pande zote mbili zikiwa sawa. Nitapiga bandi, na kila mshono wa pili nitaushona kipande cha juu kikiwa chini. Kufua nitafua mwenyewe.

#46 · Afande Mstaafu (Bombo)

Usikamue.

#47 · FundiBusia

Ukiwa njiani kuja Busia, niletee hivyo viwili ulivyosema viko sawa. Ningependa kuviona kwa macho yangu mwenyewe.

#48 · KafaUlaya

Dada, leo asubuhi nimefungua robota na kuna jozi inayofanana sana na yako, majani yale yale, na lebo yake ipo. Nikuwekee mpaka Jumamosi?

#49 · Mshonaji wa Tororo

Niwekee, ila nitumie kwanza picha ya lebo pande zote mbili, na ubonyeze pindo kwa vidole uniambie kama kuna kitu kizito ndani. Wifi anauliza kama kuna ya bluu.